Siku Ndege ya Frigoliti Iliposikia Wimbo wa Taifa

Mimi ni mshonaji, na nina kasoro moja: siwezi kuvumilia kitu kilichopinda. Nikikaa kanisani nyuma ya mtu ambaye kola yake imeshonwa upogo, mahubiri siyasikii tena. Mume wangu aliijua kasoro hiyo tangu siku za uchumba, na bado akathubutu kujenga ndege ya vita juu ya meza yangu ya kukatia nguo, bawa moja likizidi jingine kwa vidole vitatu. Kwa hiyo kila kilichotokea baadaye nasema wazi kwamba alikianzisha yeye.

Tulikuwa tumeletwa Kindu na reli. Mume wangu alikuwa fundi katika karakana ya treni, mtu wa Kasai mwenye sauti kubwa na mikono mizuri kwa chuma. Wakati ule nchi iliitwa Zaire, chama kilikuwa kimoja, wanaume walivaa abakosti, zile suti zisizo na tai, na sisi sote tuliitana sitwayen, yaani raia, hata tulipokuwa tunatukanana. Tulikaa kambi ya reli, katika nyumba ya matofali yenye baraza, na baraza ile ndiyo ilikuwa ufalme wangu: cherehani ya miguu, pasi ya makaa, meza ndefu, na kioo ambacho wateja walijitazamia. Walikuja wake za watu wa reli, wauguzi wa hospitali, hata masista wa misheni. Mungu anisamehe, niliipenda baraza ile kuliko baadhi ya mashemeji zangu.

Ndege ilianza na sanduku. Mhandisi mmoja mgeni wa reli, alipokuwa anarudi kwao Ulaya, alimwachia mume wangu sanduku la mbao. Ndani yake mlikuwa na injini ndogo ya kuenea kiganjani, vimota viwili vya kuvuta mkia, na kisanduku cha redio chenye antena ndefu na kijiti kimoja katikati. Mlikuwa pia na gazeti kuukuu lenye mchoro wa ndege ya vita ya zamani, yenye pangaboi puani. Mgeni alimweleza kwamba mtu anabaki chini na kisanduku, ndege inakuwa juu, na ukisukuma kijiti kushoto, ndege inakwenda kushoto bila kamba wala uzi. Mume wangu aliuliza mara tatu kama kweli hakuna uzi.

Kilichokosekana ni ndege yenyewe. Hapo ndipo ilipoingia frigoliti, kile kitu cheupe, chepesi, kinachopangwa ndani ya makartoni ya friji zisivunjike njiani. Friji za hospitali zilikuwa zimefika kwa treni, na mume wangu akaja nyumbani na vibao vinne vya frigoliti, vipana kama mlango wa kabati, unene wa kidole. Akaviweka juu ya kitambaa cha sista mkuu wa misheni, akachukua wembe wangu, akaanza kukata.

"Mama, hii njo ndege ya vita," akaniambia. "Usiicheke."

"Iko na bawa moja murefu, moja mufupi. Njo vita gani hiyo?"

"Mu hewa hakuna muntu atapima na metre."

Nikarudi kwenye cherehani yangu. Ndege ya kwanza niliiacha ife kwa makosa yake mwenyewe. Mume wangu aliona ndege ya vita haiwezi kuwa nyeupe, akaleta rangi ya kijani ya mabehewa, akaizimua kwa esansi ya gari, yaani petroli, akapaka. Frigoliti haipatani na esansi. Bawa lilianza kutoa sauti ya chini chini, kama mafuta kwenye kikaango, likajikunja, likatoboka, na kabla hajamaliza kupaka la pili, la kwanza lilikuwa dogo kama mwiko. Alisimama na brashi mkononi akisema, "Iko nakunywa! Ona, iko nakunywa rangi!" Nilicheka mpaka sindano ikanichoma.

Ndege ya pili haikupakwa rangi, ila alitia vyuma. Mtu wa reli akiona kitu chepesi anadhani hakijakamilika. Aliweka boriti ya bati katika mabawa, boliti nne kifuani, na mkononi mwangu ilikuwa na uzito wa bata aliyeshiba. Tuliivusha mto kwa mtumbwi mpaka Alunguli, ambako palikuwa na uwanja wa nyasi nyuma ya bustani za mihogo, mbali na macho ya watu wa kambini. Injini ikalia, akairusha kwa nguvu zake zote, na ndege ikaenda moja kwa moja mpaka kwenye tuta la viazi bila kupita hewani. Mama mwenye tuta alitusaidia kuitafuta. Mabaki tuliyaweka uani, na kuku wa jirani wakala mkia wote. Sikujua mpaka siku ile kwamba kuku anapenda frigoliti kuliko mahindi, na kwa wiki mbili tuliogopa mayai yao.

Mambo yangeishia hapo, lakini mume wangu ana mdomo. Siku zile ambazo hakuwa na ndege yoyote, ila mkia uliomo matumboni mwa kuku, aliwaambia wenzake karakanani kwamba ndege yake inaruka vizuri sana. Wenzake wakamwambia chefu wa karakana. Chefu, ambaye alikuwa akitafuta kitu cha kumfurahisha mkubwa wake, akamwambia komisere wa zoni, yaani mkuu wa serikali mjini kwetu. Komisere akafurahi kupita kiasi. Akaamuru ndege ya vita iliyotengenezwa na mikono ya Mzairi iruke siku ya sikukuu ya chama, uwanja wa mpira, mbele ya watu wote, na chini ya kila bawa iwe na sura ya Mkubwa wa nchi.

Chefu alikuja mwenyewe barazani kutuletea habari. Alikuwa mtu mfupi wa jasho jingi. Alikataa kiti.

"Sitwayen," akamwambia mume wangu, "ikiruka, muzuri. Lakini ile sura ya Mukubwa ikianguka mu matope mbele ya batu, weye na bibi yako mutaenda kuchunga gare, ile stesheni ya mu pori. Kule treni inapita siku inakumbuka. Unasikia?"

"Chefu, ndege haiko naanguka."

"Niulize bibi yako?" Chefu akanigeukia. "Mama, iko naruka?"

Nilitazama cherehani yangu. Nilitazama kioo, na ule ukuta wenye michoro yangu ya vipimo vya wanawake wa nusu ya Kindu. Porini ningemshonea nani, nyani?

"Iko naruka, Chefu," nikasema.

Alipoondoka nilimwambia mume wangu aondoe boliti zake mezani. Maji tulikuwa tumeyavulia nguo, na nilikuwa nimeshajua nani atakayeyaoga. Akaziondoa, naye kwa kawaida hubisha hata na saa.

Nilijenga ndege ile kama ninavyojenga gauni. Kwanza patron, kielelezo cha karatasi: nilinakili mchoro wa gazeti kwenye karatasi ya kaki, nikaukuza mara nne kwa futi yangu, nikaukunja katikati ili kushoto na kulia vizaliwe pamoja. Vibao vya frigoliti vilivyobaki nilivikata kwa sindano ya kufumia iliyopashwa moto kwenye makaa ya pasi, ikapita ndani yake kama kwenye siagi. Mabawa niliyakunja juu kidogo, pale yanapokutana na kifua, kwa sababu nguo isiyo na pensi, ile mikunjo midogo ya kubana, mwilini haikai, na hewa nayo niliihesabu kuwa mwili. Gundi ilikuwa uji mwepesi wa unga wa muhogo, na juu yake nilibandika karatasi ya kaki, nikanyoosha kwa pasi isiyo moto sana. Ikakauka, ikawa ngumu na nyepesi, rangi ya udongo mzuri. Pua tuliivisha bati la kopo la maziwa ili moshi wa injini usile frigoliti. Hiyo kazi nilimwachia mume wangu, naye aliifanya vizuri sana, haki yake nimpe.

Injini ile ilikunywa mchanganyiko wa ajabu: etha, mafuta ya taa na mafuta ya nyonyo. Etha aliileta muuguzi mmoja, mteja wangu. Mume wangu alipochanganya aliinamisha kichwa kunusa kama imetosha, kisha akakaa kwenye kiti cha wateja, akalala saa tisa mchana huku akitabasamu. Mafuta ya nyonyo nilimwomba sista mkuu. Akaniuliza kwa huruma tumbo la nani limefunga. Nilimjibu kwamba ni la ndege, akaniombea.

Halafu sura. Wasiokuwa washonaji wa miaka ile hawajui taabu tuliyoipata na vitenge vya chama. Kitambaa kizima kimejaa uso wa Mkubwa, na uso ule haukatwi na mkasi, haupitiwi na mshono, hauwekewi kifungo jichoni, na ole wako uso huo ukikaa mahali pa mtu kukalia. Palikuwa na mama mmoja wa kamati, mnene wa kubarikiwa, ambaye nilimshonea gauni nikilia, maana kila nilivyogeuza kitambaa uso ulitaka kwenda nyuma. Kwa hiyo sura mbili za ndege nilizikata kwenye kitenge hicho nikizunguka mbali na uso, nikazibandika chini ya mabawa, moja kila upande. Ya kushoto iliingia gundi nyingi kidogo. Nilijua. Lakini kumbandua Mkubwa ukambandika upya ni jambo ambalo sikutaka hata kuku walione.

Tukarudi Alunguli, asubuhi ya Jumapili, na ndege ikaruka. Sitasahau. Ilitoka mkononi mwa mume wangu, ikashuka kidogo, kisha ikapanda juu ya mihogo ikilia kama nyuki mwenye hasira, na mimi nikajikuta nimekaa chini nyasini bila kujua nimekaa lini. Nilishona nguo za harusi zaidi ya ninazoweza kukumbuka na hakuna hata moja iliyonifanya nikae chini.

Shida ilikuwa mume wangu. Ndege ikienda mbele yake, aliiendesha vizuri. Ikigeuka kumjia, alichanganyikiwa, kwa sababu hapo kushoto kwa ndege ni kulia kwa mtu. Yeye amezoea treni, na treni ikikujia unatoka njiani tu. Kila ndege ilipomwelekea alisukuma kijiti upande usio, na ndege ikalala ubavu kuelekea chini, naye akapiga kelele kana kwamba inamsikia. Mara mbili iliokolewa na nyasi ndefu. Mara ya tatu nilimnyang'anya kisanduku.

Kwangu haikuwa na ugumu wowote. Tangu ujana wangu kazi yangu ni kusimama mbele ya mtu aliyenielekea na pini mdomoni. Bega lake la kushoto liko kulia kwangu, na sijawahi kuweka mkono wa gauni upande usio wake. Niliizungusha juu ya bustani mara nne, nikaona inavutwa kushoto na ile gundi ya ziada, nikajifunza kuishikilia kulia kidogo. Injini ilipoishiwa mafuta niliishusha miguuni petu, taratibu, hata sura hazikuingia umande.

"Siku ya sikukuu endesha weye," mume wangu akasema kwa sauti ndogo.

Nilifikiri juu ya hilo njia nzima ya kurudi. Tulipofika kambini, chefu alikuwa ametangulia na orodha ya sherehe imepigwa chapa: rubani ni sitwayen fundi wa reli. Jina langu halikuwamo. Nilipewa kazi ya kubeba chupa ya mafuta.

Siku ya sikukuu uwanja ulijaa. Wanawake wa animasyo, ile ngoma ya kukisifu chama, walicheza mpaka vumbi likapanda, wanafunzi walipita kwa mistari, na wafanyakazi wa reli nao wakapita wakiwa na abakosti nilizozishona mimi, kola zote zimenyooka. Jukwaa lilikuwa upande wa mto, mlingoti wa bendera ukiwa ubavuni mwake, na chini ya jukwaa fanfari ya reli, tarumbeta na ngoma. Sisi tulisimama upande wa pili, mbali, tukielekea jukwaa. Mume wangu alikuwa ametundika kisanduku shingoni kwa mkanda niliomshonea, ili mikono isichoke. Mkanda ule ndio uliotuokoa, ingawa niliushona kwa sababu ya urembo tu.

Ndege ikarushwa na rafiki yake wa karakanani. Ikapanda. Watu elfu walisema "Eee!" kwa pamoja, na mume wangu akaivusha uwanja mpaka juu ya jukwaa, chini kidogo kuliko tulivyokubaliana. Komisere alipoona ndege ya vita inamjia, sura mbili za Mkubwa zikimtazama kutoka juu, alisimama. Mpaka leo sijui kama alisimama kwa heshima au kwa woga.

Sasa, mkuu wa fanfari alikuwa ameipa ndege mgongo. Yeye alikuwa na amri moja tu: komisere akisimama, piga wimbo wa taifa. Alimwona komisere amesimama. Akanyanyua fimbo yake.

Kwa aliyezaliwa baadaye nieleze. Wimbo ukipigwa, Kindu nzima ilisimama palepale ilipo. Mwenye baiskeli alishuka, mwenye mzigo kichwani aliganda nao, mikono kwenye mishono ya nguo, uso kwa bendera, na hakuna aliyekohoa. Aliyetikisika alijieleza mbele ya watu wa chama, na maelezo hayo yalikuwa marefu. Tulikuwa tumefundishwa hivyo hata miili yetu ilitii bila kutuuliza. Mume wangu aligonga visigino, akageukia bendera, akashusha mikono yake miwili. Kisanduku kikabaki kinaning'inia kifuani mwake, na ndege, iliyokuwa imeshageuka juu ya mto, ikapita juu ya vichwa vyetu ikaenda zake nyuma yetu, upande wa lango, haina mtu.

Nilisimama nami, mikono chini. Nilisikia injini ikihama kwenda kushoto, na kila mshonaji angejua sababu. Gundi. Nyuma yetu, nje ya lango, palikuwa na dimbwi ambalo mvua ya jana ilikuwa imelijaza, na uso ule ungelala mle kifudifudi. Nikikaa kimya, ni pori. Nikitembea wakati wa wimbo, ni pori, na pengine mahali pabaya kuliko pori. Niliogopa sana, nasema kweli. Lakini injini ile ilikuwa inapinda, na mimi kitu kilichopinda sikiwezi.

Nikatembea. Hatua tatu, nikasimama mbele ya mume wangu, uso kwa uso, bendera ya taifa nimeipa mgongo. Nikanyoosha mikono kifuani pake kama ninayempima koti, nikashika kijiti. Juu ya bega lake niliiona ndege, imelala ubavu, inashukia dimbwi. Kisanduku kilikuwa kinyume kwangu, kila kitu kinyume, na kwangu hiyo ndiyo hali ya kila siku. Nikasukuma. Ikainuka.

Mume wangu alikuwa anaimba, macho kwa bendera, juu ya kitambaa changu cha kichwa. Ndege alikuwa haioni kabisa. Hata hivyo katikati ya maneno ya taifa nikasikia, kwa sauti ya wimbo huohuo, bila midomo kusogea: "Ku-sho-to... mama, ku-sho-to..."

Kushoto kulikuwa na dimbwi. Nikaenda kulia.

Wimbo ukaisha, nikashusha pumzi. Ukaanza tena. Mkuu wa fanfari alikuwa anamtazama komisere: bado amesimama, basi lazima apige. Na komisere alikuwa anasikiliza fanfari: bado inapiga, basi hawezi kukaa. Mmoja alikuwa anamngoja mwenzake, na katika nchi ile hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kuwaambia. Wimbo ulipigwa mara tatu. Watu elfu walisimama kama miti, macho kwenye bendera, na ndege ya karatasi ya kaki ikawazunguka vichwani, raundi baada ya raundi, pamoja na mwanamke mmoja aliyekuwa anageuka nayo, akimzunguka mumewe. Nilikuwa na furaha. Sijui kusema kwa namna nyingine. Nilikuwa nimeogopa, na nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata.

Mara ya tatu injini ikakohoa, ikanyamaza. Mafuta yameisha. Nikahamia ubavuni mwa mume wangu, nikaileta taratibu kutoka langoni, juu ya wanafunzi, juu ya wanawake wa animasyo, nikaishusha mbele ya jukwaa kwenye nyasi. Iliteleza hatua chache, ikatulia sawasawa juu ya tumbo lake. Hakuna doa. Mpiga tarumbeta wa kwanza midomo ikamshinda hapohapo, wimbo ukafa, na nilipofika mahali pangu na chupa yangu ya mafuta, komisere alikuwa anakaa.

Makofi hayakuwahi kuanza. Kijana wa chama, mmoja wa wale walinzi wa nidhamu walioitwa wanadisiplini, alikuwa ametoka mbio mbele ya jukwaa akinielekezea kidole.

"Sitwayen Komisere! Ule mama alitembea mu wimbo ya taifa! Alipatia drapo ya taifa mugongo! Nilimuona na macho yangu mbili!"

Komisere alifuta jasho. Nadhani aliitazama ndege, na zile sura zilizo salama, na akafikiri juu ya ripoti yake mwenyewe.

"Drapo ilikuwa wapi?" akauliza.

"Hapa, Sitwayen Komisere."

"Na ule mama?"

"Kule."

"Sasa macho yako mbili, wakati ya wimbo, ilikuwa wapi?"

Mkono wa kijana wenye kidole ukashuka polepole mpaka kwenye mshono wa suruali.

"Kuna muntu mwingine aliona?" komisere akauliza uwanja mzima.

Watu elfu walitazama viatu vyao, na wasio na viatu walitazama vidole. Hakuna aliyeona. Basi komisere akatangaza kwamba rubani alisimama imara, na ndege nayo, kwa heshima ya wimbo, ilijizungusha yenyewe mpaka mwisho ikatua. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Makofi yakapigwa, mume wangu akapewa mkono, na chefu akalia machozi ya kweli. Hatukwenda porini. Baraza yangu ilibaki yangu.

Nilishukuru, lakini iliniuma. Kile kilichoniokoa ndicho kilichonifuta. Yule muuguzi wa etha alikuja wiki ile kupimwa blauzi, akaangalia huku na huku, akaninong'oneza, "Mama, miye siku ile sikuona kitu. Lakini ile kitu sikuona, ilikuwa muzuri sana." Wengine walinipa mkono sokoni wakaushikilia kupita kawaida, bila neno. Hayo ndiyo makofi yangu. Na mume wangu, ambaye mikono yangu ilikuwa chini ya kidevu chake nyimbo tatu nzima, aliwasimulia wageni miaka na miaka jinsi alivyotegesha mkia ndege ijiendeshe. Mimi nilimwuliza, mlango ukiwa umefungwa. Akanijibu kwamba alikuwa anatazama bendera.

Ndege ilitundikwa karakanani mpaka panya wakala muhogo wote uliokuwa ndani yake. Watoto wakakua. Halafu ikaja ile siku redio ilipotangaza kwamba vyama vingine navyo vimeruhusiwa. Ilikuwa mchana, nilikuwa barazani napindisha pindo la sketi, mume wangu kwenye kiti cha wateja, nywele zake zimeshakuwa nyeupe. Akasikiliza mpaka mwisho, akazima redio, akakaa na mikono magotini.

"Mama," akasema. "Ile siku ya ndege nilikuambia kushoto."

"Ndiyo."

"Ungenisikiliza, tungekuwa mu pori mpaka leo."

Akainuka, akaenda kwenye ua wa miti unaotutenga na majirani, akaita kwa ile sauti yake kubwa. "Munasikia? Ile ndege ya sikukuu, njo bibi yangu aliendesha! Haikukuwa miye!"

Jirani alikuwa anachambua mboga, wala hakuinua kichwa. "Tunajua, papa," akasema. "Sisi wote tulikuwa naangalia."

Nilirudi kwenye pindo langu, lakini macho yalikuwa na maji. Mshono wa siku ile ulikwenda upogo kuanzia mwanzo hadi mwisho, na sikuufumua.